Roketi ya Bei Nafuu: Mahali pa Kubana Pesa na Mahali pa Kutobana

Wazazi wenzangu tunaoishi huku Colorado, Marekani, huniuliza mara kwa mara ni roketi ipi ya mfano, ile ndogo inayoruka kweli, wamnunulie mtoto aliyeanza kupenda mambo ya anga, na aghalabu anayeuliza huwa ameshaitamani ile kubwa yenye rangi za kuvutia iliyopangwa juu kabisa ya rafu. Mimi huwashauri wachukue ndogo, ya bei ya chini, yenye bomba la karatasi ngumu na mapezi ya mbao laini ya balsa, kisha pesa itakayobaki waitenge kwa ajili ya injini. Roketi hununuliwa mara moja na, ikitunzwa, huruka misimu kadhaa. Injini, ambayo ni ganda la karatasi lenye baruti ndani, huungua kwa muda usiofika sekunde mbili na haitumiki tena, na pakiti ya injini tatu inaweza kukaribia bei ya roketi yenyewe.

Kwa anayeanza, napendelea Alpha ya kampuni ya Estes, ambayo makao yake yako katika mji mdogo wa Penrose, hapa hapa Colorado. Ina urefu wa takriban sentimita 31, hutumia injini zenye kipenyo cha milimita 18, na ikiwekewa injini kubwa kuliko zote zinazoifaa hupanda hadi karibu mita 300. Ipo pia Alpha III, ambayo mapezi yake ni ya plastiki yaliyokwisha kuunganishwa, na hiyo inamfaa mtoto mdogo au mzazi asiye na muda. Hata hivyo, kwa maoni yangu, anayeruka hatua ya kubandika mapezi kwa mkono wake amekosa nusu ya somo.

Kabla ya kununua injini, jifunze kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwake, kwa kuwa wauzaji wengi hawayaelewi. Chukua mfano wa A8-3. Herufi hueleza jumla ya nguvu iliyomo, na kila herufi inayofuata ina kiwango cha juu kilicho maradufu ya ile iliyotangulia. Tarakimu ya kwanza ni wastani wa msukumo kwa nyutoni, yaani kipimo cha nguvu ya kusukuma. Na tarakimu ya mwisho ni sekunde zinazopita tangu msukumo uishe hadi mlipuko mdogo utokee upande wa mbele wa injini, uing'oe pua na kulitoa parachuti. Urushaji wa kwanza ufanywe kwa A8-3, hata kama mtoto analilia C6-5, kwa sababu kwa injini ndogo utaiona roketi safari nzima na utajua itaangukia wapi. Injini ya C katika roketi nyepesi namna hii huipeleka mahali ambapo macho hayaifuati vizuri, na upepo kidogo tu hulichukua parachuti hadi ng'ambo ya barabara.

Katika ujenzi, kazi kubwa iko kwenye mapezi. Hakikisha nyuzi za mbao zinakwenda sambamba na ukingo wa mbele wa pezi, maana zikipita upande mwingine pezi litavunjika siku ya kwanza ya kutua. Gundi nyeupe ya kawaida ya mbao inatosha kabisa, na hapa hakuna sababu ya kununua gundi ya bei kubwa. Paka tabaka jembamba kwenye ukingo wa pezi na kwenye mstari ulioupiga kwa penseli juu ya bomba, ligusishe pezi mahali pake, liondoe, acha gundi ikauke kidogo, kisha paka tena na ulibandike moja kwa moja. Litashika papo hapo bila kuteleza. Baada ya hapo itazame roketi kutoka nyuma, usawa wa jicho, uone kama mapezi yameachana kwa nafasi sawa na kama kila moja limesimama wima, kwa sababu pezi lililopinda huizungusha roketi angani na kuipunguzia kimo. Gundi ikikauka, jaza pembe kati ya pezi na bomba kwa mstari mwembamba wa gundi na uulainishe kwa ncha ya kidole. Kuhusu rangi, nashauri uwe bahili, kwani rangi nyingi huongeza uzito.

Pua nayo ina kipimo chake. Ukiigeuza roketi chini juu, pua isidondoke, lakini ukiivuta kwa vidole viwili itoke bila kung'ang'ania. Ikilegea, izungushie kipande cha tepu ya karatasi. Ikibana, pitisha msasa. Roketi ya kiwandani iliyojengwa kwa kufuata maelekezo huwa imekwisha kupimwa uthabiti wake, lakini ukibadilisha umbo la mapezi au urefu wa bomba, weka injini ndani, funga uzi mahali roketi inapolala sawa, kisha uizungushe juu ya kichwa chako: ikitangulia kwa pua, iko salama; ikigeuka au kwenda ubavu, ongeza uzito kidogo kwenye pua.

Kati ya injini na parachuti huwekwa karatasi maalumu zisizoshika moto, ili gesi ya moto isiliyeyushe parachuti. Zile za dukani ni ghali kwa kazi zinayoifanya, na warushaji wengi huku hutumia selulosi iliyotiwa dawa ya kuzuia moto, ile ya kuwekea dari za nyumba, ambayo mfuko mmoja humtosha mtu kwa miaka. Karatasi ya chooni usiitumie kamwe, maana hudondoka ikiwa bado inafuka, na majani ya huku wakati wa kiangazi hayahitaji cheche kubwa. Parachuti lenyewe likunje dakika za mwisho kabla ya kurusha, na asubuhi ya baridi linyunyizie poda ya watoto, la sivyo plastiki hugandamana na kushuka ikiwa kifundo.

Jukwaa la kurushia na kidhibiti chake cha betri ni gharama nyingine inayoweza kusubiri. Vilabu vilivyo chini ya chama cha kitaifa cha roketi za mfano, NAR, huandaa siku za kurusha, na mara nyingi mgeni huruhusiwa kutumia majukwaa ya klabu. Kanuni zao za usalama zinafaa kufuatwa hata ukiwa peke yako: washa kwa umeme tu, simama angalau mita 5 kwa injini za D kwenda chini, usirushe upepo ukizidi kilomita 32 kwa saa, na uwe na uwanja wenye upana usiopungua mita 30 kwa injini ya A, 60 kwa B na 120 kwa C. Kiwashio, yaani kijiwaya kinachoiwasha injini, kikigoma, chomoa ufunguo wa usalama wa kidhibiti na usubiri dakika nzima kabla ya kusogea. Mara nyingi ncha yake haikuigusa baruti, au vibanio viwili vya waya vimegusana. Na kabla hujatoka nyumbani, ulizia kama kaunti yako imepiga marufuku moto wa nje.

Wako wanaosema kwamba njia ya kupunguza gharama ni kutengeneza injini nyumbani. Hapo sikubaliani nao hata kidogo. Baada ya Sputnik, setilaiti ya Kisovieti, kurushwa mwaka 1957, vijana wengi wa Marekani waliumia kwa kushindilia baruti kwenye mabomba ya chuma, na mchezo huu ulikuzwa kwa injini za kiwandani zenye ganda la karatasi ili kuwaondolea hatari hiyo.

Jambo la mwisho linawahusu wanaopanga kuwapelekea wapwa zao zawadi Dar es Salaam au Mombasa. Roketi isiyo na injini unaweza kuisafirisha, lakini injini haziruhusiwi kwenye ndege, si katika mkoba wa mkononi wala katika sanduku la mizigo. Kwa mtoto aliye huko nyumbani Afrika Mashariki, anzeni na roketi ya maji: chupa ya plastiki ya soda iliyojazwa maji theluthi moja, kizibo cha mpira kilichopitishwa sindano ya kujazia mpira wa miguu, na pampu ya baiskeli yenye bomba refu, ili anayepampu asimame mbali na chupa. Mapezi yake yakatwe kwa katoni na yabandikwe kwa tepu.