Sitta hahitaji barabara (ingawa mpeni tu)

Wiki hii mmeuliza: mbunge aliyetumikia vizuri akifariki, tumuenzi kwa kumpa jina la barabara, la shule au la jengo? Jibu langu ni kwamba hata kimoja kati ya hivyo visitumike. Swali lenyewe linanikera, maana tukishabandika kibao huwa tunaondoka tukidhani kazi imeisha.

Tazameni Barabara ya Bibi Titi Mohamed pale Dar es Salaam. Muulize kondakta wa daladala Bibi Titi ni nani, atakwambia ni hapo mbele, sogea mlangoni. Mama aliyezunguka nchi nzima akikitafutia chama cha uhuru, TANU, wanachama, akawa mbunge, akashtakiwa kwa uhaini, akafungwa maisha, kisha akaachiwa mwaka 1972, leo kwa wengi ni jina la foleni.

Mimi niliposoma swali lenu nilimfikiria Samuel Sitta, Spika wa 2005 hadi 2010, yule wa kaulimbiu ya kasi na viwango. Alifariki Novemba 2016 akiwa matibabuni Ujerumani. Mwili wake ukapelekwa bungeni Dodoma wabunge wamuage, halafu akazikwa kwao Urambo. Lakini kumuenzi kwangu hakuanzii msibani, kunaanzia saluni ya kinyozi.

Ilikuwa Februari 2008. Kinyozi wangu alikuwa na runinga ndogo juu ya kabati la mafuta na vitambaa, na siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kubadilisha stesheni. Dakta Mwakyembe, mwenyekiti wa kamati teule ya Bunge, alikuwa anasoma ripoti ya kamati hiyo kuhusu Richmond, ile kampuni iliyopewa mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 wakati wa ukame wa 2006 na ikaonekana haina uwezo wa kazi hiyo. Sasa mwelewe: mtu aliyeumizwa na mgawo kuliko wote mtaani kwetu alikuwa huyo kinyozi. Mashine ikizimika katikati ya kichwa, mteja anakaa hapo kama shamba lililolimwa nusu. Alishawahi kununua jenereta, ikawa inakula mafuta kuliko inavyoingiza. Kwa hiyo ripoti ile hakuisikiliza kama siasa. Aliisikiliza kama mtu anayesomewa deni lake na kutajiwa nani alilikopa.

Kijana mmoja alikuwa kitini, upande wa kushoto umenyolewa, wa kulia bado. Akauliza kwa adabu, "Mzee, tunaendelea?" Akajibiwa, "Subiri kwanza, mwanangu, wanataja majina." Kijana akasubiri. Wengine tulisimama mlangoni, wengine dirishani, hata muuza kahawa akaweka birika chini. Mwakyembe alisoma kwa muda mrefu, na kila akifika mahali pazito kinyozi alizima mashine ambayo hata hivyo hakuwa anaitumia. Kuna aliyesema hii itazimwa sasa hivi, hawawezi kuacha yote haya yasikike. Haikuzimwa. Kesho yake tukarudi, na kijana yule naye akarudi, safari hii kichwa kizima. Edward Lowassa akasimama na kusema amemwandikia Rais barua ya kuomba kujiuzulu uwaziri mkuu. Mawaziri Karamagi na Msabaha nao wakatoka. Pale saluni hakuna aliyeshangilia, na hilo ndilo ninalolikumbuka zaidi. Kinyozi alisema tu, "Kumbe inawezekana," akamwita mteja aliyefuata.

Hiyo, kwangu, ndiyo sanamu ya Sitta. Kiti cha Spika kiliacha ripoti isomwe yote, sisi tukiwa tunaona. Ndiyo maana iliniuma kwamba mwaka aliofariki ulianza kwa Serikali kutangaza kuwa TBC, televisheni ya taifa, haitarusha tena vikao vyote vya Bunge moja kwa moja, kwa sababu ya gharama. Unamuagaje Spika yule kwa heshima zote huku umefunga dirisha alilotufungulia?

Hapo nilitaka kuishia. Lakini ukiamua kumuenzi mtu kwa Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za Bunge, badala ya kibao, Hansard haichagui kurasa. Agosti 2007, chini ya Spika huyuhuyu, Zitto Kabwe, mbunge wa upinzani, alisimamishwa ubunge kwa suala la mkataba wa mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, kwa kudai kwamba Waziri Karamagi amelidanganya Bunge. Halafu kanuni mpya zilizotungwa katika Bunge hilohilo la Sitta zikawapa wapinzani uenyekiti wa kamati za hesabu, na Zitto akaongoza mojawapo. Na kuna 2014. Sitta akiwa Mwenyekiti wa Bunge Maalumu la Katiba, UKAWA, umoja wa wapinzani bungeni humo, walitoka nje mwezi Aprili, yeye akaendelea bila wao, muundo wa serikali tatu uliokuwa kwenye rasimu ya katiba ya tume ya Jaji Warioba ukaondolewa, na Oktoba Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa. Kura ya maoni bado tunaisubiri. Kinyozi wangu hakumsamehe kwa hilo. Mimi nimemsamehe nusu.

Sasa nikijisoma naona Hansard niliyoipigia debe haina wasomaji hata saluni, na kibao cha barabara angalau kinasomwa. Kuna mtoto, siku moja, atachoka na foleni na kumuuliza mama yake Bibi Titi alikuwa nani. Kwa hiyo, pamoja na yote niliyosema juu, kama watu wa Urambo wanataka barabara, shule au soko lenye jina la Sitta, wapeni. Nina masharti mawili tu, na ninajua la pili halitakubalika. Kwanza, isiwe ukumbi wa Bunge wala chumba chochote cha Bunge, isipokuwa vikao vyote viwe vinaonekana kwa kila mwenye runinga, si kwa mwenye bando peke yake. Pili, chini ya jina ziandikwe tarehe mbili, 7 Februari 2008 na 2 Oktoba 2014, kwa herufi za ukubwa mmoja, bila maelezo.