Kazi saba, kichwa kimoja: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili babako akiwa pembeni. Unasema umeachana na yule tajiri, sasa unatengeneza makabati ya jikoni mwenyewe hapo Dar, una wateja saba na umeanza kusahau nani ulimwambia nini. Wenzako wamekwambia ununue programu ya akili mnemba ikusimamie kazi. Ukaniuliza, "Mama, wewe ushonaji wako unauendesha nayo, ulianzaje? Na mimi nilipie ipi?"

Kwa sasa usilipie yoyote.

Mimi nilianza vibaya. Mwaka jana mdogo wako aliponiwekea ChatGPT, mojawapo ya hizo akili mnemba, kwenye simu, niliiandikia, "Nipangie kazi zangu za wiki." Ikapanga, tena vizuri, Jumatatu mpaka Jumamosi, kila kitu na saa yake. Kasoro yake moja: kazi zenyewe haikuzijua. Ilimpangia fundi fulani wa kufikirika, mwenye umeme usiokatika na wateja wanaokuja kupimwa kwa wakati. Nikacheka, nikarudi kwenye daftari langu la kaunta, na hapo ndipo nilipoona aibu yangu. Hata daftari halikuzijua. Nyingine zilikuwa WhatsApp, nyingine kwenye vikaratasi nilivyovibana kwa pini kwenye vitambaa, nyingine zilikuwa kichwani mwangu tu.

Basi nikatenga siku nzima, cherehani nikaifunika, nikakusanya. Mdogo wako alinifungulia jedwali kwenye Google Sheets, kila kazi mstari mmoja: mteja, kazi, tarehe niliyoahidi, alicholipa, hatua inayofuata, na safu ya mwisho nikaiita "nangoja nini". Nilikuwa nikidhani nina kazi kumi na mbili. Zilitoka kumi na tisa.

Hiyo safu ya mwisho usiidharau. Ndiyo iliyonionyesha kwamba kazi zangu nyingi hazikukwama kwa sababu mimi ni mzito. Moja ilingoja bitana, moja ilingoja mwenyewe aje kujaribu, na tatu zilingoja nusu ya malipo ambayo sikuwahi kuiomba. Naona haya kudai, unanijua.

Ukishakuwa na jedwali, akili mnemba nayo ina cha kushika. Ipe maelezo yako mara moja, uyahifadhi mahali uyabandike kila unapoanza mazungumzo mapya: unafanya kazi peke yako, siku ngapi kwa wiki, Ijumaa unatoka saa ngapi kwenda msikitini, mashine ya kukatia unayo au unaazima, seti moja ya makabati hukuchukua siku ngapi. Hapo kwenye siku andika zile zilizokuchukua kweli kazi iliyopita, usiandike unazotamani. Mimi niliandika kwamba gauni lenye bitana nalimaliza kwa siku mbili. Uongo mtupu, ni nne. Nilipoirekebisha namba hiyo moja, mpango mzima ukaacha kunidanganya.

Asubuhi kabla sijafungua mlango naibandikia jedwali na kuuliza maswali matatu, yale yale kila siku: kazi gani iko karibu na tarehe ya ahadi na haijaguswa, nani nimfuatilie leo, na nikiwa na saa tano tu za kazi nishike nini kwanza. Dakika tano, basi. Siku nyingine nakataa inachoniambia. Ilishawahi kusema niahirishe sare za watoto wa madrasa kwa sababu malipo yake ni madogo. Haijui kwamba mama zao ndio wanaoniletea harusi.

Na mteja akishaondoka, naongea na simu badala ya kuandika, nayo inanipangia mstari wa jedwali. Lakini tarakimu zikague. Niliiambia "laki mbili na nusu", ikaandika 200,000.

Sasa nikupe aibu mbili, uzipate bila gharama.

Ya kwanza ni saa. Niliiomba initengenezee kikumbusho cha saa mbili asubuhi nipeleke mzigo kwa mdarizi. Ikaandika 02:00, mimi nikaiweka kwenye kalenda bila kutazama. Simu ikalia saa nane usiku, babako akaruka kitandani akidhani kuna msiba. Tangu siku hiyo naandika 08:00, na "asubuhi" naitaja juu yake.

Ya pili bado inaniuma. Niliuliza nani hajamaliza kulipa, ikanipa majina manne na ujumbe wa heshima kwa kila mmoja. Nikatuma yote bila kusoma. Mmoja wao ni jirani, aliyenilipa kwa simu wiki mbili nyuma, nami sikujaza. Alikuja mpaka dukani, hakusema neno, akanionyesha ule muamala kwenye kioo cha simu yake. Mashine haikukosea, ilisoma nilichoandika. Leo hakuna ujumbe unaotoka bila mimi kuvaa miwani na kuusoma, na hao wenzako wakikushauri uiunganishe ijibu wateja yenyewe, wakatalie.

Kwa majina, tumia herufi mbili na mtaa, namba za simu za watu zibaki kwako. Ni kazi ya mteja unayoipanga, si maisha yake, na tangu 2022 nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Itakufaa zaidi kwenye kuvunja kazi kubwa vipande. Iambie: makabati ya jikoni, ukuta mita tatu na nusu, mbao bado sijanunua, nitajie hatua zote na kila hatua inangoja ipi. Itakupa kupima, kuchora, kununua, kukata, kuunga, kupaka, kufunga. Kisha kaa nayo wewe fundi, utafute ilichosahau. Si wewe uliyeniambia kwamba jiwe la juu hupimwa makabati ya chini yakishafungwa? Basi siku za kungoja jiwe hilo huna cha kufanya kwa mteja huyo, na usipoziandika utamwahidi tarehe usiyoweza kuitimiza. Hatua hizo zihifadhi, mteja wa nane hutaanza upya.

Ukutani bandika karatasi tatu: zinazosubiri, ninazofanya, zilizokwisha. Mdogo wako anasema mtindo huo una jina lake, kanban, na ulitoka viwanda vya Toyota huko Japani. Sawa, mimi ninachokipenda ni sharti lake: kwenye "ninazofanya" zisizidi mbili. Wewe tangu mdogo ulikuwa ukianza vishada vitano, hakuna hata kimoja kinachoruka.

Programu ya kulipia utaitafuta jedwali likikushinda, si kabla. Langu halijanishinda.

Jumapili nitumie lako nilione. Na kabla hujatuma ongeza mstari wa nane. Mteja: mama yako, Ngamiani. Kazi: kabati la vyombo, milango miwili. Tarehe uliyoahidi: Idi, tena ile iliyopita. Alicholipa: amekuzaa. Safu ya "nangoja nini" nimekuachia uijaze mwenyewe.

Mama