Wa wimbo mmoja si A-ha

Yakhe, umeuliza nani alivuma kwa wimbo mmoja akazimika, ukataja A-ha, bendi ya Norway. Hao watoe. Kwenye chati ya Uingereza "Take On Me" yao ilikwama namba 2 mwaka 1985; uliofuata, "The Sun Always Shines on T.V.", ndio ulioshika namba 1 Januari 1986. Waliozimika hasa ni Zager and Evans, waimbaji wawili wa Marekani: 1969 wamekaa namba 1 kwao wiki 6 na "In the Year 2525", kisha hawakuingia tena hata nyimbo mia bora za chati hiyo.

Los del Río wa Uhispania nao, "Macarena" yao namba 1 Marekani wiki 14, 1996. Juzi dereva wa matatu ya Bamburi kaupiga, mama mmoja wa buibui akaanza kugeuza viganja papo hapo kitini, chini, juu. Na Los del Río walichofuatishia baada ya wimbo huo? Macarena hiyohiyo, ya Krismasi!