Kabla hujanunua dawa ya sileji ya marobota

Mvua zikishika, wafugaji wenzangu wa huku Masasi, kusini mwa Tanzania, huanza na swali lile lile: "Mjomba, wewe unaweka dawa gani kwenye sileji?" Sileji ni majani ya ng'ombe yanayofungiwa bila hewa yachachuke, yakae bila kuoza. Wanataka kujua kinachochanganywa na majani kabla ya kufunga robota. Jibu langu huwaudhi kidogo, kwa sababu nami huwauliza: majani yako yana maji kiasi gani, na una ng'ombe wangapi? Bila kujua hayo mawili, unanunua kwa kubahatisha.

Kazi ya kuivisha sileji inafanywa na bakteria ambao tayari wako kwenye majani. Wakikosa hewa na kupata sukari ya kutosha, wanatengeneza asidi ya laktiki, na uchachu huo ndio unaozuia kuoza. Mahindi yaliyokatwa punje zikiwa zimeanza kukaza yana sukari na wanga wa kutosha, kwa hiyo hayahitaji kuongezewa kitu. Majani yetu ya nchi za joto, mabingobingo yakiwemo, yana sukari kidogo na yakikatwa machanga yana maji mengi mno. Katika kilo 100 za mabingobingo mabichi, maji peke yake yanaweza kufika kilo 80. Ukiyafunga hivyo hivyo, bakteria waozeshaji wanawazidi nguvu wale wazuri, na siku ya kufungua unakutana na utelezi na harufu inayokaa mkononi hata baada ya kunawa.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni jua. Kata asubuhi umande ukishakauka, tandaza, geuza, acha yanyauke. Ili kilo 100 zenye maji 80 zifike kwenye maji asilimia 70, lazima zipungue hadi kilo 67 hivi, yaani kilo 33 za maji zipotee hewani. Kipimo changu ni kiganja: kata majani vipande vidogo, kamata konzi, minya kwa nguvu kama nusu dakika, kisha achia. Maji yakichuruzika kati ya vidole, bado. Bonge likibaki limeshikamana na mkono una unyevu tu, umekaribia. Likifunguka lenyewe polepole, funga sasa.

Najua utaniambia Machi hakuna jua la kuaminika. Ni kweli, na hapo ndipo watu hukimbilia pumba za mahindi zinyonye maji. Zinanyonya, lakini piga hesabu kwanza. Kilo 60 za majani yenye maji asilimia 80 zinahitaji kilo 10 hivi za pumba ili zishuke hadi 70. Zidisha kwa marobota hamsini uone utaishia wapi. Mimi nakata kidogo kidogo, kiasi cha kuweza kuanika kati ya mvua moja na nyingine, na pumba naziacha za akiba kwa siku mbingu ikinigeuka.

Majani yakishanyauka, kiongezeo ninachokiona kinalipa huku kwetu ni molasi, ule uji mzito mtamu unaobaki sukari ikishatengenezwa. Kiasi ni kilo 30 hadi 50 kwa tani ya majani, kwa hiyo robota dogo la kilo 60 linataka kilo 2 hadi 3. Dumu la lita 20 la molasi lina uzito wa kilo 28 hivi, maana molasi ni nzito kuliko maji, na linatosha marobota kumi na kitu. Ugumu wake ni mfuko. Molasi inatoka kwenye viwanda vya sukari kama Kilombero na Mtibwa, mpaka ifike kusini nauli imeshaipandisha bei, na inahitajika Machi wakati pesa ya korosho ilishakwisha. Nunua Novemba au Desemba, minada ikiwa bado inalipa. Ikifunikwa vizuri isiingie maji, inakaa miezi bila kuharibika.

Namna ya kuiweka ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Kwenye shimo unaweza kumwaga tabaka kwa tabaka na kushindilia, lakini robota likishaviringishwa hakuna tena kuchanganya. Majani marefu yasiyokatwa hupokea molasi upande mmoja, kwingine yanabaki bila molasi, na huko ndiko uharibifu unakoanzia. Pitisha majani kwenye mashine ya kukatia, yatandaze juu ya turubai, zimua molasi kwa maji ya uvuguvugu kiasi sawa, nyunyiza kwa keni la kumwagilia bustani ulilopanua matundu, na mtu mwingine ageuze kwa mikono wakati wewe unanyunyiza. Fanyeni mapema asubuhi. Nyuki wakishapata habari, kazi haifanyiki.

Asiye na molasi anaweza kutumia unga wa makopa, yaani mihogo iliyokaushwa, kilo 5 kwa kila kilo 100 za majani. Hausaidii kwa kasi ile ile, kwa kuwa wanga si sukari na bakteria wengi wa sileji hawauvunji kwa urahisi, lakini unanyonya maji na kuongeza nguvu ya chakula. Makopa yaliyoota ukungu usiyaingize. Ukungu huo unaingia na sumu zake, na uchachu hauziondoi.

Kuhusu unga wa bakteria wa pakiti, kuna aina mbili zenye kazi tofauti. Lactobacillus plantarum huharakisha uchachu mwanzoni, ila naye anahitaji sukari. Kwenye majani yasiyo na sukari amefika jikoni pasipo na unga. Lactobacillus buchneri hutengeneza asidi ya asetiki, inayozuia sileji isipate moto na ukungu ukishafungua, na anahitaji kama miezi miwili kufanya kazi hiyo. Wote ni viumbe hai: joto la buti la basi kutoka Dar es Salaam linaweza kuwadhoofisha, na maji ya bomba yenye klorini yanamalizia. Tumia maji ya mvua.

Je, unawahitaji? Hapa ndipo idadi ya ng'ombe inapoingia. Mwenye ng'ombe watatu wa maziwa anamaliza robota la kilo 60 siku ile ile, hakuna muda wa kuharibika. Mwenye ng'ombe mmoja analimaliza kwa siku mbili hadi tatu, na kwa joto letu siku ya tatu ukiingiza mkono katikati unakuta pameanza kupata moto. Huyo namshauri afunge marobota madogo zaidi, au washirikiane na jirani kufungua moja wagawane. Ni bei rahisi kuliko pakiti.

Chumvi haisaidii uchachu. Mpe ng'ombe kwenye jiwe la kulamba. Urea ni kwa sileji ya mahindi au mtama tu, kilo 5 kwa tani, ikichanganywa sawasawa. Kwenye majani yenye sukari kidogo inapunguza uchachu, na ikirundikana sehemu moja inaua ng'ombe. Ndama usiwape sileji yenye urea kabisa.

Pesa inayobaki iweke kwenye nailoni: tabaka sita, si nne. Simamisha robota kwa upande wake bapa, ndiko nailoni ilikorundikana, na liwe juu ya chanja, kwa sababu mchwa wa huku wanatoboa kutoka chini bila wewe kujua. Kivuli cha mkorosho ni kizuri, ila fagia vijiti kwanza, na msimu wa kupuliza mikorosho dawa ya unga ya salfa ukianza hamishia ufunguaji na ulishaji mbali nayo, vumbi lile lisiingie kwenye hori.