Ukitumiwa pesa benki Uganda, toa namba sahihi ya tawi

Hapa Busia kazi yangu ni kulipa watu: madereva, wenye maghala, mawakala wa forodha. Malipo ya EFT (pesa zinazotumwa kielektroniki kutoka benki hadi benki) yakirudishwa, mara nyingi jina liko sawa na akaunti iko sawa. Kilichokosewa ni namba ya tawi.

Kwetu Uganda namba hiyo ina tarakimu 6. Mbili za mwanzo ni za benki yenyewe, kwa mfano 04 ni Stanbic, na zinazobaki hupeleka pesa kwenye tawi. Wakenya wana 5: mbili za benki, tatu za tawi, na orodha yao ni tofauti kabisa na yetu. Kwa hiyo mteja wa Kisumu akikupa tarakimu 5, usiongeze sifuri mbele ili fomu ikubali. Hiyo ni akaunti ya Kenya, na ina njia yake.

Sasa, tawi lipi? Ni lile linaloshika akaunti, kwa kawaida pale ilipofunguliwa. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Dereva alifungua akaunti Arua, siku hizi anaishi Tororo na hutolea pesa Tororo. Ukimuuliza tawi lake atakuambia Tororo bila kusita. Mimi huuliza hivi: "Kaka, akaunti ulifungulia wapi?" Kisha namwomba athibitishe benki kwake, kwa sababu orodha za mtandaoni nyingine ni za zamani, na benki hufunga matawi au hununuliwa. Crane Bank ilichukuliwa na DFCU mwaka 2017, lakini bado naletewa karatasi zenye jina lake.

Mwenye kitabu cha hundi ana bahati. Atazame mstari wa chini kabisa, zile tarakimu zenye maumbo ya ajabu: namba ya hundi, namba ya tawi, namba ya akaunti. Akikutumia picha, aikate kwanza hundi hiyo kwa mistari miwili na kuandika kuwa imefutwa.

Pesa za kutoka ng'ambo huhitaji SWIFT, yaani msimbo wa kimataifa wa benki: herufi 8 au 11, na UG katikati. Ya benki ya Absa ni BARCUGKX. BARC inatokana na Barclays, jina lake la zamani lililoondoka 2019, lakini usiirekebishe. Ndugu yako aliye Ujerumani akidai IBAN, ile namba ndefu ya akaunti inayotumika Ulaya, mwambie Uganda haitumii. Mpe SWIFT, namba ya akaunti, na jina lako kama lilivyo benki.