Mwenye kibanda cha chakula, anza kuondoa kisahani cha majivu

Nauza chakula jirani na soko la Majengo hapa Dodoma, na wenzangu huniuliza nilifanyaje hadi wateja wasivute sigara ndani. Kwanza, usianze na tangazo. "Usivute sigara" ya ukutani mteja huisoma huku anapapasa mifuko kutafuta kiberiti. Anza na mezani: toa kisahani cha majivu, ficha kiberiti cha jikoni. Asipoona pa kukung'utia, wengi hutoka wenyewe.

Kona ya wavutaji mimi siiamini. Sheria yetu ya tumbaku ya mwaka 2003 imeacha nafasi ya kutenga maeneo ya kuvutia, lakini kibanda cha hatua kumi kina kona gani? Juni na Julai upepo wa Dodoma ukichachamaa tunashusha maturubai, moshi unazunguka humo humo mpaka kwenye sufuria ya mlenda. Feni inausambaza tu. Shirika la Afya Duniani linasema moshi wa sigara ya mwenzio hauna kiwango kilicho salama, na kwamba huua watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka, wasiovuta.

Tena anayeumia zaidi si mteja, maana yeye anakula anaondoka. Ni binti anayehudumia kuanzia chai ya asubuhi hadi ugali wa usiku. Ireland ilipokataza kuvuta ndani ya baa na migahawa mwaka 2004, hoja yao kubwa ilikuwa hiyo hiyo: baa ni mahali pa kazi ya mtu.

Ukimkatalia mteja, mpe pa kwenda. Mimi nimeweka benchi chini ya mwarobaini, mbali na mlango. "Mzee wangu, karibu pale kivulini, chai nakuletea." Ukimfokea mbele za watu umempoteza. Madereva wa boda walinuna kidogo, wakazoea. Kina mama wenye watoto ndio wameongezeka.

Wazee wa ugoro nao hunitania: "Mama, huu hauna moshi!" Ni kweli haunipalii mimi, ila nikotini ni ile ile, na tumbaku isiyo na moshi nayo huleta saratani ya kinywa. Anayetaka kuacha namwambia aulize famasi kama wana bigijii au plasta za nikotini. Zinapunguza arosto bila kumwingizia mtu moshi, na tangu 2009 zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Siku za mwanzo atakuwa mkali, usimsimange.

Na kama unauza sigara moja moja kaunta, mtoto akitumwa mrudishe mikono mitupu. Sheria inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, hata akisema ni za baba. Baba atakuja mwenyewe. Kwangu alikuja amefura, akaondoka na maandazi.