Ufahamu kwa mada ya kuogelea: kwa mwalimu anayeanza darasa la sita na la saba

Mada ya kuogelea watoto wanaipenda, ila ina mtego. Mtoto wa pwani hujibu kwa anayoyajua, si kwa aliyoyasoma. Wa bara hukwama kwenye msamiati. Kwa hiyo pima kila swali hivi: mwogeleaji hodari ambaye hajasoma kifungu asiweze kulijibu.

Kisa kinachofaa sana ni cha Eric Moussambani wa Guinea ya Ikweta, Olimpiki ya Sydney, 2000. Kiandike kwa maneno 150 hadi 180, mistari yote iwe na namba. Eleza kwamba alianza kujifunza kuogelea miezi michache tu kabla ya mashindano. Kwamba wenzake wawili wa mchujo wake waliondolewa kwa kuruka kabla ya ishara. Kwamba aliogelea mita 100 peke yake kwa dakika 1 na sekunde 52.72. Taja pia kuwa waliofuzu nusu fainali ni 16 wenye muda bora, na kwamba bingwa alitumia sekunde 48.30. Neno "alichoka" usiliandike popote. Andika kwamba baada ya kugeuka mikono ilipungua kasi na miguu ikaanza kuzama. Uchovu wautambue wenyewe.

Msamiati usizidi maneno manne: mchujo, kufuzu, kuelea, ishara. Ukifundisha kumi, nusu ya kipindi imekwisha.

Kisha wasome kimya, dakika tano. Ukianza kwa kumsimamisha mmoja asome kwa sauti, yeye atahangaika na matamshi na wengine watamsikiliza akikosea.

Swali lenye uzito ni hili: kwa nini alishinda mchujo wake lakini hakusonga mbele? Wengi watanakili mstari wa wenzake kuondolewa, kwa sababu ndio wenye neno "mchujo". Usikimbilie kuweka mkasi (X). Uliza, "Mstari huo unajibu nusu ipi ya swali?" Halafu wadai namba za mistari miwili, kwani nusu ya pili imejificha kwenye muda.

Sahihisha kwa alama mbili: moja ya jibu, moja ya mistari. Aliyepata jibu bila mistari huenda amebahatisha au amenong'onezwa. Aliyepata mistari akakosa jibu amesoma vizuri, kilichomshinda ni kuunganisha. Keti naye kwanza, umsomeshe mistari hiyo miwili ikifuatana.